Siku Tatu za Mapumziko Kijijini Dodoma: Namna ya Kujipanga Bila Kumchosha Mwenyeji

Anayetaka kukaa kijijini Dodoma siku tatu, ale ugali wa uwele kwa mlenda, atembee chini ya mibuyu asubuhi na alale mapema usiku, ajue mambo mawili kabla hajakata tiketi. La kwanza ni kazi gani inaendelea shambani mwezi huo. La pili ni familia atakayofikia inachota maji wapi. Mengine yote, kuanzia begi hadi nauli, yanafuata hapo. Mgeni akipanga kwa kuangalia likizo yake tu, huweza kufika Januari na kukuta nyumba imefungwa tangu alfajiri, watu wote wako kwenye palizi. Au hufika Oktoba, wakati dumu moja la maji linatafutwa nusu siku, naye anataka kuoga mara mbili.

Kuchagua mwezi

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na kwa mwaka mzima mvua yote ni kama milimita 550 hadi 600. Kila kitu kijijini kinaendeshwa na hesabu hiyo.

Novemba watu wanasafisha mashamba na kusubiri mvua. Joto ni kali, vumbi ni jingi, malisho yamekwisha. Desemba ni kupanda, na mvua ya kwanza ikinyesha hakuna anayebaki nyumbani kupokea wageni. Januari na Februari ni palizi. Nchi inapendeza kwa ukijani, lakini miezi hiyo ndiyo ghala linapokaribia sakafu. Chakula cha mwaka jana kinaisha na cha mwaka huu bado kiko shambani. Ukienda kipindi hicho, nenda na chakula chako chote na cha ziada, maana mwenyeji atakupikia hata kama anajinyima, wala hatakwambia.

Machi na Aprili mtama na uwele vinatoa masuke, na kazi kubwa ni kuamia ndege. Kwelea kwelea wakivamia shamba kwa makundi, familia huweza kupoteza mavuno ya msimu kwa siku chache, ndiyo maana watoto na wazee wanashinda shambani na makopo na manati. Ni wakati wenye uhai, ila mwenyeji wako hatakuwa na nafasi.

Kipindi tunachokishauri kwa mgeni wa mara ya kwanza ni mwisho wa Mei hadi Julai. Mtama, uwele, karanga na alizeti vinavunwa au vimeshaingia ndani, chakula kipo, barabara zimekauka, visima bado vina maji, na watu wana moyo wa kukaa na kuzungumza. Anga ni safi na usiku nyota zinaonekana vizuri. Kasoro yake ni baridi. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo wa uwanda ule wa mita zaidi ya elfu moja juu ya bahari unapenya shuka moja bila shida.

Kama unakwenda kwa ajili ya zabibu, kalenda ni nyingine. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mara moja kati ya Februari na Machi, na tena Agosti hadi Septemba. Msimu wa Agosti ndio rahisi kwa mgeni kwa sababu njia ni kavu.

Kuchagua kijiji

Amua kwanza unataka nini, kisha chagua upande.

Kwa mashamba ya zabibu, tafuta mwenyeji Hombolo, Makutupora au Mpunguzi. Makutupora iko kaskazini mwa jiji kwenye barabara ya Arusha, na ndipo kilipo kituo cha utafiti wa zabibu. Mpunguzi iko upande wa barabara ya Iringa, njia ileile inayopita Bihawana, mahali ambapo wamisionari wa Kikatoliki walianza kupanda zabibu miaka ya 1950. Hombolo ina bwawa kubwa la enzi hizohizo na upepo mzuri jioni. Vijiji hivi viko ndani ya saa moja au zaidi kidogo kutoka mjini, kwa hiyo vinamfaa mwenye siku mbili tu.

Kwa muziki na maisha ya Wagogo, nenda Chamwino na vijiji vinavyoizunguka, au Mvumi. Chamwino ndiko kwenye zeze, malimba (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) na ngoma ya muheme inayopigwa na kina mama. Usitegemee kukuta ngoma inapigwa kwa ajili yako. Hupigwa kwenye sherehe, na sherehe ni nyingi baada ya mavuno. Ukipenda kuona, mwulize mwenyeji mapema kama kuna harusi au shughuli wiki hiyo, na ukialikwa nenda na zawadi kama mwalikwa mwingine yeyote.

Kwa vilima na hewa ya ubaridi, panda Kondoa, yapata kilomita 160 kaskazini mwa jiji. Huko ni kwa Warangi, na sehemu kubwa ya watu ni Waislamu, kwa hiyo mavazi ya heshima na kuacha pombe si jambo la kujadili. Ukiwa Kolo au Pahi unaweza kupanda kuona michoro ya miambani, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Jiandikishe kwanza kwenye ofisi ya hifadhi pale Kolo upewe mtu wa kukuongoza, kwa sababu miamba iko mbali na barabara na usipojua njia utazunguka bure. Haubi ni tulivu zaidi. Vilima vyake vimejaa makorongo makubwa ya mmomonyoko. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa eneo hilo. Miti unayoiona sasa imerudi tangu hapo. Anayependa kuelewa ardhi atapata mengi Haubi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mkoa.

Jambo moja la kujua popote utakapokwenda upande wa Ugogoni: nyumba na mashamba huwa mbalimbali. Mwaka 1971, kwenye Operesheni Dodoma, familia zilizokuwa zimetawanyika na mifugo yao zilihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Nyumba zikakaribiana, mashamba yakabaki mbali. Ndiyo maana "shamba liko hapo tu" inaweza kuwa mwendo wa saa nzima. Uliza, "Nikitoka saa 12 nafika saa ngapi?" Jibu la saa ni la kuaminika kuliko la kilomita.

Kupata mwenyeji na kukubaliana

Usiende kijiji usichomjua mtu ukitegemea kupata chumba. Gesti ziko kwenye miji midogo ya barabarani na makao makuu ya kata au wilaya. Vijijini unalala kwa familia, au kwenye nyumba ya wageni ya parokia ikiwepo, au kwenye hema lako ndani ya ua wa mtu aliyekuruhusu.

Mtu wa kukuunganisha ni rahisi kumpata Dodoma mjini. Mwalimu, mhudumu wa afya, muuza karanga sokoni Majengo, fundi, kila mmoja ana kwao. Ukishapata jina la familia, piga simu mwenyewe walau wiki mbili kabla. Zungumza na mwenye nyumba, kisha omba kuzungumza na mama, kwa sababu maji, kuni na chakula viko mikononi mwake. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Mimi nimepewa namba na mwalimu. Tunaomba kuja kupumzika kwenu siku tatu, tuko wawili, mke na mume. Tunakula chochote. Tutakuja na mchele, sukari na mafuta. Tungependa kujua maji mnayapata wapi, na kama wiki hiyo mna kazi kubwa tusiwasumbue."

Sauti ya mama itakueleza. Akisema "karibuni tu" huku anasitasita, mwulize wiki gani ingekuwa nzuri zaidi. Kubalianeni mambo manne waziwazi: mnalala wapi na kama kuna kitanda na chandarua, mnachangia kiasi gani kwa siku, nani atawaongoza matembezini na analipwa nini, na gari lipi linafika kijijini na saa ngapi. Suala la pesa usilionee haya. Mwenyeji ndiye hawezi kulianzisha, kwa hiyo ni lako wewe mgeni. Sema kiasi, kisha mwache aongeze au akubali.

Mwombe pia mwenyeji amwarifu mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji kwamba wageni wanakuja. Vijiji vingi vina daftari la wageni, na mgeni asiyejulikana anayezungukazunguka na kamera huzua maswali ambayo mwenyeji wako ndiye atakayeyajibu.

Maji: piga hesabu kabla hujafunga begi

Hapa ndipo mapumziko hupendeza au huharibika, kwa hiyo tulia nalo.

Mgeni mmoja mwenye kujibana anatumia lita 3 hadi 4 za kunywa kwa siku, lita 10 za kuoga mara moja, na lita 5 hivi za kunawa na za chooni. Jumla inakaribia dumu moja la lita 20. Wageni wawili kwa siku tatu ni madumu sita. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani, na kisima au bomba la kijiji linaweza kuwa mwendo wa nusu saa, tena na foleni. Usipopanga, hizo ni safari sita za ziada kwa mama au binti wa nyumba, juu ya zile za kila siku.

Fanya hivi. Ukienda na gari lako, beba madumu mawili yaliyojaa kutoka mjini. Ukifika, mwulize mwenyeji nani anauza maji kwa punda, baiskeli au bodaboda, umlipe akuletee madumu ya siku zote tatu, jioni ile ile ya kufika. Yaweke kivulini yakiwa yamefunikwa. Ukipenda kwenda kisimani kuchota pamoja na wenzako nenda, ni mahali pazuri pa mazungumzo, lakini usiingie katikati ya foleni kwa sababu wewe ni mgeni na watu wamekupisha. Kaa nyuma, subiri zamu.

Maji ya visima virefu vya Dodoma mara nyingi yana chumvi. Chai itakuwa na ladha ya ajabu, na sabuni ya mche haitatoa povu. Kuchemsha kunaua vijidudu ila hakuondoi chumvi, tena maji yakipungua sufuriani chumvi inazidi kukolea. Kwa sababu hiyo beba maji ya kunywa ya dukani kwa walau siku ya kwanza, na kama tumbo lako ni jepesi, ya siku zote. Msimu wa mvua kijiji kinaweza kuchota kwenye lambo. Maji hayo yana tope: yaache yatulie usiku mzima, yachuje kwa kitenge safi kilichokunjwa mara nne, kisha yachemshe hadi yatokote sawasawa. Usioge wala kutembeza miguu kwenye lambo au bwawa, hata watoto wa kijiji wakiwa ndani. Maji yaliyotuama yenye konokono ndiyo makao ya kichocho.

Kuoga ni kwa beseni na kopo. Jimwagie maji kidogo, jisugue kwa sabuni, suuza. Nusu ndoo inatosha na inabaki.

Mizigo

Chukua begi dogo la mgongoni na mfuko mmoja wa chakula. Sanduku la magurudumu halina kazi kwenye mchanga.

Ndani weka blanketi au sweta zito kwa Mei hadi Agosti, kofia pana, viatu vilivyofungwa vyenye soli ngumu kwa sababu ya miiba ya migunga, kandambili za bafuni, tochi ya kichwani na betri za ziada, chandarua kama mwenyeji hana, karatasi za chooni, sabuni ya kunawa na mafuta ya kupaka. Hewa ni kavu, na midomo hupasuka siku ya pili. Malaria Dodoma iko chini kuliko mikoa ya Kanda ya Ziwa, lakini chandarua kinakukinga pia na wadudu wengine wa dari la udongo. Wanawake wabebe kanga au vitenge viwili, wanaume suruali ndefu. Simu ichajiwe kabisa na uwe na chaja ya akiba. Pesa iwe noti ndogondogo, kwa sababu wakala wa pesa za simu yupo kijijini ila huenda hana fedha mkononi.

Mfuko wa chakula kwa wageni wawili wanaofikia familia ya watu sita: mchele kilo 5, sukari kilo 2, mafuta ya kupikia lita 1, dagaa wakavu kilo 1, vitunguu kilo 2, majani ya chai pakiti kubwa, chumvi, kiberiti na mche mzima wa sabuni. Mkabidhi mama vyote siku ya kwanza. Usivigawe kidogokidogo kila mlo.

Pipi na sarafu za kugawia watoto ziache mjini. Zinafundisha watoto kufuata wageni barabarani. Ukitaka kuwasaidia, peleka madaftari na kalamu kwa mwalimu mkuu wa shule.

Kufika

Kutoka Dar es Salaam njia nyepesi sasa ni treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyofika Dodoma mwaka 2024. Kwa basi utashukia stendi kuu ya Nanenane. Toka hapo uende mahali yanapopakia magari ya upande wako. Kila upande una kituo chake, na mwenyeji ndiye anayejua gari la kwao linasimama wapi mwezi huu.

Magari ya vijijini, iwe Coaster, Noah au lori dogo, yana desturi moja: hutoka kijijini alfajiri yakileta watu mjini na kurudi mchana au alasiri. Kwa hiyo ukifika mjini jioni, gari limekwishaondoka. Lala mjini. Usikodi bodaboda usiku kwa kilomita arobaini za barabara ya vumbi. Ukifika asubuhi una nafasi ya kupita sokoni, lakini uwe kituoni kabla ya saa 7 mchana, kwa sababu gari likijaa linaondoka.

Kwa anayeendesha gari mwenyewe, hatari iko kwenye makorongo. Mito mingi ya Dodoma ni mikavu karibu mwaka mzima, ila mvua ikinyesha vilimani maji hushuka kwa ghafla hata kama pale ulipo jua linawaka. Ukikuta korongo lina maji yanayokwenda, simama na usubiri. Kwa kawaida hupungua ndani ya saa chache. Wakati wa kiangazi tatizo ni mchanga wenyewe. Kabla ya kuvuka, punguza upepo wa matairi hadi kama PSI 20, ingia kwa gia nzito, nenda mfululizo, usisimame katikati wala kukanyaga mafuta kwa nguvu, kwani tairi likizunguka bure linajichimbia. Beba chepe, tairi la akiba na pampu ya kurudishia upepo. Udongo mweusi wa mbugani nao ukinyeshewa huteleza na kunasa, na hakuna ujuzi wa dereva utakaoushinda. Zunguka au ahirisha.

Saa ya kwanza nyumbani

Simama nje ya ua, piga hodi, ngoja uitikiwe. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, mmoja mmoja, kuanzia kwa babu na bibi. Ukikuta kundi la watu Ugogoni, "mbukwenyi", salamu ya Kigogo kwa watu wengi, itafungua nyuso zote. Kaa ulipoonyeshwa, kunywa ulichopewa hata kama ni nusu. Salamu ni ndefu na zisikatishwe: habari za nyumbani, za safari, za mvua, za mifugo.

Usimuulize mtu ana ng'ombe wangapi. Ni sawa na kumuuliza mtu wa mjini ana shilingi ngapi benki. Uliza kama mifugo ni mizima, inatosha.

Kisha nendeni na mwenyeji kwa mwenyekiti au mtendaji, mjiandikishe, mseme mtakaa siku ngapi. Dakika kumi tu, na baada ya hapo kila mtu kijijini anajua nyinyi ni wageni wa nani. Kuanzia hapo mko huru.

Siku inavyokwenda

Amka saa 12 asubuhi. Saa 12 hadi saa 3 ndizo saa za kutembea: ubaridi, ndege, mbuzi wanatolewa zizini, moshi wa jikoni unapanda. Kuanzia saa 5 hadi saa 9 jua ni kali na watu wenye akili wako chini ya mwembe au ndani ya tembe, nyumba ile ya udongo yenye paa tambarare, ambayo kuta zake nene hubaki na ubaridi. Lala, soma, cheza bao. Kuanzia saa 10 jioni toka tena.

Unapotembea pita kwenye vijia. Shamba lililovunwa linaonekana tupu, lakini huenda karanga zilizosalia au kunde zinazokawia bado zimo. Uzio wa minyaa usiuvunje wala kuukwanyua majani. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Ikitokea, osha jicho kwa maji safi mengi kwa robo saa nzima bila kulisugua, kisha nenda zahanati. Mizinga ya nyuki inayoning'inia kwenye mibuyu na migunga ipitie mbali, bila manukato mwilini. Wakikuvamia kimbia moja kwa moja, usisimame kuwapunga.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na ushauri wetu ni kwamba usingoje hiyo ya tatu. Omba kazi ndogo inayofanyika ukiwa umekaa: kumenya karanga, kuchambua mlenda, kupukuchua mahindi. Ukienda kwenye kupura mtama vaa mikono mirefu na ufunge kitambaa puani, kwa sababu vumbi la masuke linawasha ngozi na kukereketa koo. Kupepeta kwa ungo waachie wenyewe. Ukikosea, nafaka yao inakwenda na upepo.

Chakula kikuu ni ugali wa uwele au wa mtama, mweusi kuliko wa mahindi na mzito zaidi tumboni, kwa hiyo anza na tonge dogo. Mlenda wa hapa mara nyingi ni wa majani yaliyokaushwa na kutwangwa, unaonyunyizwa kwenye maji yanayochemka na kukorogwa pamoja na nyanya au karanga. Bonyeza tonge katikati kwa kidole gumba, chota, kata uzi kwa kuzungusha mkono, kula. Maziwa fresh omba yachemshwe. Ukitaka kuku, sema jana yake na umlipe mwenyewe bei ya sokoni. Kama dini yako ina sharti la mchinjaji, sema mapema vilevile. Hakuna atakayechukia, watachukia ukikataa nyama ikiwa mezani.

Siku ya mnada usiikose. Kila eneo lina siku yake, na mbuzi wa kuchoma wa mnadani Dodoma hana mpinzani.

Usiku tembea na tochi hata kwenda chooni tu, maana nge hutoka giza likiingia. Kung'uta viatu kila asubuhi kabla ya kuvaa, na usichukue kuni kwa mkono bila kuangalia. Mtu akiumwa na nyoka, usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Mlaze, funga mguu au mkono kwa ubao usitikisike, mpeleke kituo cha afya haraka. Ndiyo sababu siku ya kwanza unamuuliza mwenyeji kituo kilipo na nani ana pikipiki, na namba yake unaiandika.

Kununua na kuondoka

Nunua kwa familia uliyofikia kwanza, kisha kwa majirani. Ubuyu, ufuta, asali na mafuta ya alizeti vinasafiri vizuri. Mafuta yaliyokamuliwa kijijini huwa na mashapo: yaache yatulie siku kadhaa, umimine ya juu. Karanga na mahindi yachague kwa makini. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na sumu hiyo inatokana na ukungu wa nafaka zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Chukua punje kavu zinazolia ukizitikisa, kataa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo. Kuosha na kupika hakuondoi sumu hiyo.

Zabibu usizichume bila kuuliza. Mkulima hupulizia dawa ya ukungu, na yeye ndiye anayejua alipulizia lini. Zikatwe asubuhi zikiwa baridi, pamoja na kikonyo, zipangwe kwenye kreti au boksi lenye matundu, tabaka moja au mawili tu. Kwenye mfuko wa nailoni zitatoka jasho na kuchacha kabla hujafika Morogoro. Bila friji hesabu siku mbili au tatu, na zioshe wakati wa kula, si kabla ya safari.

Mchango wenu mpeni mama jioni ya mwisho, mbele ya mwenye nyumba, kwa mikono miwili. Gari linaondoka alfajiri na hapo hakuna nafasi ya maneno. Picha mlizopiga, kwa ruhusa, zisafisheni mjini kwenye karatasi na mzitume kwa dereva wa gari la kijiji. Juu ya bahasha andikeni jina la mwenyeji na namba yake ya simu, na ya dereva mbaki nayo nyinyi mpaka mama athibitishe kwamba zimefika.